Jembe la Hiari: Nani Alianza Kujitolea Mount Vernon?

Majira ya machipuko yakiingia, bustani za jimbo la Virginia nchini Marekani hutegemea sana watu wanaofanya kazi bila mshahara. Tangu mwaka 1929, Chama cha Bustani cha Virginia huandaa kila Aprili Wiki ya Bustani za Kihistoria. Nyumba za kale hufunguliwa, wenyeji hujipanga kupokea tiketi, kuonyesha njia na kupamba vyumba kwa maua, na mapato huenda kufufua bustani nyingine zilizochakaa. Mbegu ya jambo hili ilipandwa mwaka 1927, pale wanachama walipofanya onyesho la maua wakapata karibu dola 7,000 za kuinusuru miti ya Monticello, makao ya Thomas Jefferson, rais wa tatu wa nchi hiyo. Kaskazini zaidi, juu ya kilima kinachoutazama mto Potomac, Mount Vernon ya George Washington nayo haimo mikononi mwa serikali. Jumba, makaburi na bustani zake ni mali ya chama cha wanawake kisichopokea fedha za serikali kuu, na viongozi wake hawalipwi. Chini yao wako waajiriwa, na bega kwa bega na waajiriwa wako mamia ya watu wa kujitolea: wa kuelekeza wageni, wa kuosha vipande vya vyungu vilivyofukuliwa ardhini, wa kupalilia matuta na kukata maua yaliyonyauka ili mapya yachanue.

Mahali kama hapa, swali la nani alianza lina uzito. Ni nani aliyekuwa wa kwanza kushika jembe Mount Vernon kwa hiari yake, bila ujira, kwa sababu aliona panastahili kutunzwa? Jibu lililozoeleka ni mwaka 1853, na mwanamke mmoja wa Carolina Kusini. Jibu langu ni mwaka 1835, na kundi la watu weusi waliokuwa wametoka utumwani. Kati ya majibu hayo mawili kuna miaka 18 tu, lakini atakayeanza kuhesabu kutoka 1835 ataisoma historia nzima ya mahali hapo kwa namna nyingine, pamoja na matuta ya maua.

Neno letu lenyewe linafaa kutazamwa kwanza. Kujitolea ni kujitoa kwa ajili ya kitu: mtoaji na kitolewacho ni mtu mmoja. Ile ji- iliyokaa katikati ni ndogo, nayo ndiyo inayobeba maana yote. Asiyemiliki nafsi yake hawezi kuitoa. Hutolewa na mwenye mali. Ndiyo maana wazee wetu waliotolewa majumbani kwenda kuchimba barabara za mkoloni hawakusema wamejitolea. Kazi ile waliiita shokoa. Na Wapare walipokutana kusafisha mfereji wa kijiji chao waliita msaragambo. Jembe lilikuwa lile lile, jasho lile lile, na pengine watu wenyewe walikuwa wale wale, lakini hakuna aliyechanganya majina hayo mawili. Kazi mbili zisizolipwa zaweza kufanana kwa macho kama mapacha, na bado baina yao kukawa na umbali wote uliopo kati ya utumwa na uungwana.

Mount Vernon ni mahali ambapo umbali huo unaweza kupimwa, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa mwandishi wa kumbukumbu asiyechoka. Washington alidai ripoti ya kila juma kutoka kwa wasimamizi wa mashamba yake matano na kutoka kwa mtunza bustani: siku ngapi zimetumika, kwa kazi gani. Katika mwaka wa mwisho wa uhai wake, 1799, aliandika orodha ya watumwa waliokuwa kwenye mashamba hayo, nao walikuwa 317. Waliokuwa wake mwenyewe ni 123. 153 walikuwa wa mirathi ya Daniel Parke Custis, mume wa kwanza wa mkewe Martha. Waliobaki, 41, wengi wao walikodiwa. Shajara zake za mwanzoni mwa 1785 zimejaa miti: miti michanga iliyotolewa msituni na kupandwa kando ya njia zenye kujipinda mbele ya jumba. Husema amepanda. Lakini sarufi yetu haimruhusu mtu kusema hivyo kwa urahisi, maana tunavyo vitenzi vya kuusema ukweli wake. Washington hakulima, alilimisha. Hakujenga, alijengesha. Miti aliichagua na kuiamuru ipandwe, na shimo likachimbwa na mtu mwingine.

Juu ya mikono hiyo walikuwapo watunza bustani wa mkataba, na mikataba yao imebaki. Mmoja, Philip Bateman, aliandikiwa mwaka 1787 kwamba atapewa dola nne wakati wa Krismasi za kumwezesha kulewa siku nne mchana na usiku, dola mbili wakati wa Pasaka kwa shabaha hiyo hiyo, na nyingine mbili Sikukuu ya Pentekoste. Wasomaji wengi hucheka wakifika hapo. Mimi naona jambo zito: hata ulevi wa mtu huru ulikuwa na haki ya kuandikwa kwenye karatasi, ukawa na kiwango na tarehe, ilhali watu waliosukuma toroli chini ya usimamizi wake hawakuwa na karatasi yoyote isipokuwa ile iliyowahesabu kama mali. Na wengine hawakuishi mbali na maua hayo. Nyumba ya vioo iliyokamilika mwaka 1787, ambamo michungwa na milimau ilikingwa na baridi kwa moto uliowashwa majira yote ya kipupwe, iliongezewa pembeni mabweni ya matofali ya watumwa mapema miaka ya 1790. Bustani ya juu, ile inayopigwa picha zaidi ya nyingine zote kila Aprili, ilikuwa imepakana ukuta kwa ukuta na mahali watu walipolala.

Sasa tuitazame historia iliyozoeleka, maana ina heshima yake. Baada ya Washington kufa, jumba lilipita mikononi mwa jamaa zake, na kufikia miaka ya 1850 lilikuwa limechoka kiasi cha nguzo za baraza kuegemezwa magogo. Mwaka 1853 mama mmoja, Louisa Bird Cunningham, alipita mtoni kwa meli ya mvuke, akaliona, akasikitika, akamwandikia binti yake. Binti huyo, Ann Pamela Cunningham, alikuwa na afya dhaifu tangu alipoangushwa na farasi ujanani. Alitoa mwito kwa wanawake wa Kusini kupitia gazeti la Charleston, kisha akaupanua kwa nchi nzima. Serikali kuu ilikuwa imekataa kununua. Virginia nayo ilikataa. Wanawake hao walinunua. Mwaka 1858 walikubaliana na John Augustine Washington wa Tatu bei ya dola 200,000 kwa jumba na ekari 200, wakachangisha kidogo kidogo, huku msemaji mashuhuri Edward Everett akizunguka nchi na hotuba moja juu ya Washington na kuwaletea zaidi ya dola 69,000. Tarehe 22 Februari 1860, siku ya kuzaliwa kwake Washington, walikabidhiwa. Mwaka uliofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka, na katibu wao, Sarah Tracy, akakaa pale katikati ya majeshi mawili, akiwataka askari wa pande zote waache silaha nje. Anayelidharau jambo hilo hajui maana ya ujasiri.

Lakini historia hiyo ina kitu imekibeba bila kukitaja. Ann Pamela Cunningham alikuwa binti wa shamba la Rosemont, shamba la watumwa. Muda wake wa kuandika barua, chakula kilichomfikia kitandani, fedha za familia zilizompa nafasi ya kufikiria jumba la mtu mwingine badala ya mlo wa kesho, vyote vilitoka kwenye kazi za watu ambao hawakuulizwa. Kujitolea kwa bibi kulisimama juu ya mabega ya wasioweza kujitolea. Silisemi hili kumtukana. Nalisema kwa sababu kila kazi ya hiari ina mtu nyuma yake anayeibeba, na historia ya kujitolea isiyomtaja mtu huyo ni nusu ya historia. Hata baada ya utumwa kukoma, chama hicho kiliendesha Mount Vernon kwa mikono ya waajiriwa weusi wa ujira mdogo. Sarah Johnson aliyezaliwa hapo mwaka 1844 akiwa mtumwa, alirudi baada ya vita kama mtunza nyumba wa chama. Alisafisha vyumba, akapokea wageni, akawauzia maziwa. Akiba yake alinunulia ardhi, ekari chache zilizowahi kuwa sehemu ya mali ya Washington mwenyewe. Wageni wa wakati ule walimwona kama sehemu ya mandhari ya kale. Yeye alikuwa akihesabu.

Turudi nyuma hadi Novemba 1835. Kaburi jipya la Washington lilikuwa limejengwa miaka minne tu kabla, na ardhi iliyolizunguka ilikuwa bado mbovu. Mgeni aliyefika akakuta wanaume weusi kumi na mmoja wakisawazisha udongo na kutandika nyasi, na habari yake ikatoka katika gazeti la Alexandria Gazette. Alipowauliza walimweleza kuwa ni baadhi ya wale walioachwa huru na Washington, na kwamba wamekuja kutoa kazi yao. Wosia wa Washington ulikuwa umeagiza watumwa wake 123 waachwe huru Martha akifa, na Martha akawaacha mapema zaidi, tarehe 1 Januari 1801. Wale 153 wa mirathi ya Custis hawakuguswa na wosia huo. Gazeti lilichapa majina ya watu hao. Alikuwamo Sambo Anderson, seremala aliyezaliwa Afrika, na mwanawe William. Alikuwamo mwanamke mmoja, aliyekuwa akiwapikia: Nancy Quander, ambaye gazeti lilimharibia jina likaandika Squander. Hao walikuja kwa hiari, hawakulipwa, na kazi waliyofanya ni ya kutunza mandhari ya mahali pa kihistoria. Kwa kipimo chochote tunachokitumia leo kumwita mtu wa kujitolea, wao wanastahili jina hilo, nao walifika kabla ya Ann Pamela Cunningham kuandika neno moja.

Najua pingamizi kubwa litakalokuja hapa, na ni zito kuliko mengine yote. Mtu atasema: habari hiyo ya 1835 ni hatari. Mwandishi wake aliieleza kama ushahidi wa mapenzi ya watumwa kwa bwana wao, aliyekuwa kwao kama baba na zaidi. Hadithi za mtumwa mwaminifu anayelia kaburini kwa bwana wake zilitumika miaka mingi kuufanya utumwa uonekane mpole. Kumchukua Sambo Anderson na kumweka mwanzoni mwa historia ya kujitolea ni kuipulizia hadithi hiyo pumzi mpya. Pingamizi hili lina haki, na kama ningekuwa nimeshika maneno ya gazeti peke yake lingenishinda. Lakini katika habari ile tuna vitu viwili: maelezo na tendo. Maelezo ni ya mwandishi mzungu wa Virginia wa mwaka 1835, aliyeandika kwa wasomaji wenye watumwa. Tendo ni la watu huru. Tunaweza kuyatilia shaka maelezo bila kulitupa tendo.

Tendo lenyewe tulipime kwa maisha ya waliolitenda. Sambo Anderson alikuwa ameishi huru miaka 34 siku ile. Alijipatia riziki kwa kuwinda ndege na wanyama na kuwauzia mahoteli na matajiri wa mji wa Alexandria. Mkewe alikuwa wa mirathi ya Custis, na kwa sheria ya wakati ule mtoto hufuata hali ya mama, kwa hiyo uhuru wa baba haukuwafikia watoto. Alichuma fedha, akawakomboa baadhi ya jamaa zake kwa kuwanunua. Mtu aliyelipa fedha taslimu kwa ajili ya damu yake mwenyewe anajua thamani ya siku ya kazi kwa usahihi ambao mimi na wewe hatutaufikia. Mtu huyo akiamua kuitoa siku hiyo bure, hatoi kwa mazoea ya utumwa. Anatoa kitu anachokijua bei, mbele ya watu, kwa mara nyingine akithibitisha kwamba ni chake cha kutoa.

Tena tutazame mwaka. Uasi wa Nat Turner ulitokea kusini mwa Virginia mwaka 1831, na baada yake sheria dhidi ya watu weusi zilikazwa: mikutano yao ilibanwa, mahubiri yao yakapigwa marufuku. Tangu 1806 sheria ilimtaka aliyeachwa huru baada ya hapo aondoke jimboni ndani ya miezi kumi na miwili. Mweusi huru alikuwa mtu wa kushukiwa, wa kuulizwa karatasi. Katika hali hiyo, watu kumi na mmoja wanasimama mchana kweupe kwenye kaburi la mtu anayeheshimiwa kuliko wote nchini, wanamwambia mgeni atakayeandika gazetini kwamba aliyewaacha huru ni huyu hapa, na majina yao yanachapwa. Naamini, na hii ni hukumu yangu, kwamba hapo kulikuwa na jambo zaidi ya huzuni. Ilikuwa njia ya kuuweka uhuru wao chini ya jina ambalo hakuna mzungu wa Virginia angethubutu kulibeza. Wala hili halizuii kuwapo kwa huzuni ya kweli, au shukrani, au vyote kwa pamoja. Moyo wa mtu haugawanyiki kama shamba. Na pembeni, hatua chache kutoka pale walipokuwa wakitandika nyasi, kulikuwa na makaburi mengine, ya jamaa na wenzao, yasiyo na jiwe.

Makaburi hayo ndiyo yanayonifikisha kwenye kiini cha hoja. Kutunza mahali ni kupalilia, na kupalilia ni kuchagua. Jembe halijui gugu. Mshika jembe ndiye anayeamua kipi ni gugu na kipi ni ua. Mwaka 1929, chama cha wanawake kiliweka bamba la marumaru kuwakumbuka watumwa waliozikwa kwenye kilima kile, karibu na kaburi la Washington. Lilikuwa jambo adimu kwa wakati wake, na nawapa sifa yake. Lakini bamba hilo liliachwa, na vichaka vikalizonga. Miaka zaidi ya hamsini ilipita. Kila machipuko matuta yalipaliliwa, njia zikafagiwa, vichaka vya mapambo vikakatwa kwa mkasi na kupangwa sawasawa, na umbali wa dakika chache kwa miguu nyasi zikapanda juu ya bamba. Ilibidi mwandishi wa gazeti la Washington Post, Dorothy Gilliam, aandike mwaka 1982 juu ya kutelekezwa kwa mahali hapo ndipo mambo yakageuka. Mwaka uliofuata kukazinduliwa ukumbusho mpya uliobuniwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Howard. Aso hapo na lake halipo, walisema wahenga, na hapo msemo huo uliandikwa kwa magugu.

Bustani nayo ilichaguliwa. Kwa muda mrefu mgeni wa Mount Vernon alioneshwa bustani ya juu yenye waridi na kuta za vichaka vilivyonyooshwa, akaamini anaona alichokiona Washington. Wanaakiolojia walipoichimba baada ya mwaka 2005 walikuta picha nyingine: matuta mapana ya mboga, na maua yakiwa ukingoni tu. Ilirudishwa katika sura hiyo mwaka 2011. Maana yake si ndogo. Bustani ya waridi humfanya mgeni afikirie bibi akitembea na mwavuli. Bustani ya kabichi humfanya aulize nani alikata kabichi, nani aliipika, nani aliila. Vizazi vya watu wema waliotoa muda wao kuipendezesha bustani walikuwa, bila kukusudia uovu wowote, wakiifuta kazi kwa uzuri.

Monticello imepita njia hiyo hiyo. Mwaka 1939 Chama cha Bustani kilipotaka kufufua bustani za maua za Jefferson, michoro yake ilikuwapo lakini njia zilikuwa zimepotea chini ya nyasi. Zikapatikana usiku, kwa kumulika uwanja na taa za gari hadi vivuli vikaonyesha mikunjo ya njia ya kale. Ni kisa kizuri na cha kweli. Lakini taa hizo zilielekezwa kwenye uwanja wa maua, na upande wa pili, bondeni kidogo, safu ya karakana na vibanda vya watumwa ilisubiri miongo zaidi kabla ya kuchunguzwa kwa dhati. Wormley Hughes, mtumwa aliyekuwa mtunza bustani mkuu, ndiye aliyeweka ardhini balbu nyingi za maua yale, na ndiye aliyechimba kaburi la Jefferson mwaka 1826. Miezi sita baadaye, Januari 1827, mkewe Ursula na watoto wao waliuzwa mnadani. Makaburi ya watumwa wa Monticello yalitambuliwa na wanaakiolojia mwaka 2001. Yako penye maegesho ya magari ya wageni.

Wapo watakaosema wageni wa Aprili hawajaja kwa ajili ya minada. Wamechoka na baridi, wamekuja kuona tulipu pamoja na watoto wao, na mtu aliyetoa Jumamosi yake kuwaelekeza hapaswi kuwageuzia matembezi kuwa matanga. Nina huruma na hoja hii, ila nadhani imekosea juu ya wageni. Uzuri hauharibiki kwa kujua nani aliufanya. Mtu anayepelekwa mashamba ya viungo Unguja, akanusa karafuu mbichi, haachi kuisikia harufu yake kwa kuambiwa kuwa mikarafuu ya kwanza ilipaliliwa na watumwa walioletwa kutoka bara. Huisikia zaidi, kwa sababu sasa imepata historia. Kinachoharibu matembezi ni kuambiwa kwa sauti ya kukemewa. Mtu wa kujitolea aliyepiga magoti kwenye tuta, mwenye udongo kwenye kucha, ana nafasi ambayo mhadhiri hana: anaweza kusema kwamba kazi hii ninayoifanya asubuhi tatu za mwezi, mtu mwingine aliifanya hapa hapa kuanzia kuche hadi kuchwe, na hakuwa na ruhusa ya kwenda nyumbani.

Tofauti hiyo ya kwenda nyumbani ndiyo jibu langu kwa pingamizi la mwisho, la wanaoona ni kejeli kuwasifu wasiolipwa mahali palipojengwa na wasiolipwa. Wanasema makumbusho yaajiri. Ni kweli yaajiri: kazi ya kila siku inayoshikilia paa na inayohitaji ujuzi wa miaka isifanywe bure kwa kisingizio cha mapenzi, na historia ya Sarah Johnson inatuonya jinsi heshima ya mahali inavyoweza kutumiwa kupunguza ujira. Lakini kuifuta hiari kabisa ni kuwanyang'anya watu wa 1835 kile walichokuja kukitumia. Walijua kuishi kwa kazi ya kulipwa, walijua kazi ya kulazimishwa, na siku ile walichagua aina ya tatu. Ukoo wa Quander haukuondoka kwenye historia ya kilima kile. Gladys Quander Tancil, wa ukoo huo huo, alikuwa mweusi wa kwanza kutembeza wageni Mount Vernon kama mwelezaji wa historia, na katika miaka ya 1990 aliongoza ziara zilizohusu maisha ya watumwa, akiwataja kwa majina mbele ya wageni waliokuja kuona kiti cha Washington.

Tangu 2014 kilima chenye makaburi kinachunguzwa kwa utaratibu, na watu wa kujitolea wamekuwa miongoni mwa wanaofanya kazi hiyo pamoja na wanaakiolojia. Hawafukui mtu. Huondoa majani na tabaka la juu, hukwangua kwa mwiko hadi rangi ya udongo ibadilike, kwa sababu ardhi iliyowahi kuchimbwa hairudii rangi yake. Umbo la mstatili likijitokeza, refu la mtu mzima au fupi la mtoto, hupimwa na kuchorwa kwenye ramani. Kisha udongo hurudishwa na kusawazishwa, kama walivyousawazisha wale kumi na mmoja hatua chache kutoka hapo, huku Nancy Quander akiwa jikoni.